Kigoda Kilichobaki Nyumbani

Barabara ya T, Shaw,
Washington.
Jumapili, baada ya kanisa.

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na za Mama pia, ingawa yeye hakunituma. Nimezitia mwenyewe ili barua isionekane kilema.

Hujambo? Tafadhali usilipite swali hili mbio kama watu wanavyolipita wakikutana mlangoni. Hujambo kweli? Kichwa, kifua, magoti, na ile mikono yako, vyote viko salama? Nauliza kwa dhati kwa sababu huku mtaani wewe ni marehemu. Ulifariki Jumamosi ya wiki iliyopita, alasiri, kwenye sherehe ya mtaa, mbele ya umati, na umeliliwa vizuri mno. Sisi wengine ni wazima, isipokuwa mimi kichwa kimenivurugika. Sijui niseme nina huzuni, au nina furaha, au nina homa. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Unajua mdomo wangu haufanyi kazi mbele za watu, na wewe ndiye uliyenipa jina la Bi Kimya, kwa hiyo utanivumilia nikienda mbali kidogo.

Anwani hii nimepewa na Shangazi Lurlene. Nilimpigia simu siku ya pili yake ili nipate hakika, maana hata mimi nilianza kutetereka. Nikamwuliza kwa kuzungukazunguka kama Baba hajambo. Akanijibu hajambo sana, yuko hapohapo Durham, anaendesha gari la kusambaza mikate, na asubuhi ileile alikuwa amesinzia kanisani mpaka akapigwa kiwiko. Nikamshukuru, nikakata simu, nikalia. Halafu nikacheka. Halafu nikakasirika, kwa sababu kumbe kanisani unafika.

Sasa nikueleze jinsi ulivyokufa.

Unakumbuka ulivyoondoka. Anko Pinkney, akiwa kiongozi wenu, alikuambia mbele ya bendi nzima kwamba ukichelewa onyesho jingine usije kabisa, nawe ukamjibu kwamba vyema, unampa likizo ya kukusubiri. Nyumbani ulituambia unakwenda Carolina wiki mbili kupoza kichwa. Kichwa chako, Baba, kinachukua muda kupoa.

Kitu ambacho labda hukijui ni kwamba mwaka ule wa kwanza Anko Pink hakukubali kwamba umeondoka. Kila bendi ilipopiga, alizipanga tumba zako jukwaani, na nyuma ya tumba hizo akaweka kigoda chako, kile chenye ngozi nyekundu iliyochanika. Wewe umekulia hapa, unajua mtaa wetu unavyosoma jukwaa. Kigoda kikiwa kitupu, mwenyewe amechelewa. Basi katikati ya muziki, pale muziki wetu wa go-go unapobaki ngoma tupu na yeye anaita watu na barabara zao, alikuwa akiuliza, "Broadus yuko wapi?" Na watu wote, "Amechelewa!" Wanacheka. Hata watoto waliozaliwa juzi wakawa wanaitikia. Mwanzoni Mama naye alicheka. Baadaye akawa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mwisho, siku moja ametoka kazini na sare yake ya uuguzi, alipanda jukwaani ngoma zikiendelea, akakitia kigoda kwapani, akamwambia Anko Pink kwenye kipaza sauti kwamba mume wake si kichekesho cha kuchangamshia watu, na kama anatafuta mtu aliyechelewa amtafute mwenye nyumba wetu, maana paa linavuja tangu Krismasi. Watu walimpigia makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Tumba zikaja nyumbani zikakaa nyuma ya sofa, na tangu hapo jina lako halikuitwa tena. Mtu asiyeitwa jina, watu huanza kumwazia mambo.

Jumamosi hiyo ya sherehe Mama alikuwa zamu hospitalini. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye tamasha la kwaya ya shule, ambako nusu ya nyimbo tunaimba kwa Kiingereza na nusu kwa Kispania kama tunavyosoma, na nilikuwa bado nimevaa gauni jeusi la kwaya na viatu vyake. Nilipofika nyumbani nikazitazama tumba nyuma ya sofa, nikaamua kuzipeleka jukwaani. Kwa nini niliamua hivyo nitakuambia mbele. Niache kwanza nipate joto.

Nilimwomba Bi Earline wa chini kitoroli chake cha kuendea sokoni. Tumba mbili zilienea, moja imelala, moja imesimama kama abiria. Kigoda hakikuenea. Nilikifunga juu kwa mshipi wa koti, kikaanguka. Nikakining'iniza ubavuni, kitoroli chote kikapinduka pale ngazini. Nikakirudisha ndani, nikajisemea kwamba kigoda ni kitu gani bwana, mtu anaweza kupiga amesimama. Kufika kona, manyunyu yakaanza. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ngozi ya tumba ikilowa ni afadhali ukalowa wewe, kwa hiyo nikarudi mbio, nikachukua taulo la kwanza nililoliona bafuni, nikazifunika. Taulo lilikuwa jeupe.

Bendi walikuwa nyuma ya jukwaa wanakula mabawa ya kuku. Hakuna aliyenikaribia, na mimi kuita mtu siwezi. Nikazishusha tumba, nikazipanga mahali pako palepale, nikaziacha na taulo lake, nikaenda kujibanza nyuma ya spika.

Sasa nikuulize wewe mwenyeji. Tumba za mtu ambaye hajaonekana muda mrefu zimewekwa jukwaani. Zimefunikwa kitambaa cheupe. Kigoda hakipo. Zimeletwa na binti yake, amevaa nyeusi kuanzia shingo hadi kidole, hasemi na mtu. Unasoma nini?

Ndivyo walivyosoma na wao.

Anko Pink alipanda akiwa na furaha zake, akaanza kutania watu wa Barabara ya Saba kwamba wananukia sabuni leo, kuna nini. Akageuka, akaziona. Sijawahi kumwona Anko Pink amekosa neno; Mama husema yule hata usingizini huwa anatangaza. Safari hii alisimama kipaza sauti kimemgusa kidevu. Mpiga dramu akapunguza mwenyewe mpaka ikabaki kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha Anko Pink akasema jina lako lote, Delonte James Broadus, kwa ile sauti anayowaitia walioondoka duniani. Bi Earline akapiga yowe. Mikono ikainuka barabara nzima. Watu walikuwa wakiulizana lini, wapi, nani kasema, na kila aliyeulizwa alijua zaidi kuliko aliyeuliza. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba ulikuwa moyo. Mwingine akasema hapana, lori. Mzee mmoja alisema alikuota tangu Pasaka, ila hakutaka kumtisha mtu.

Anko Pink alilia, Baba. Alisema neno la mwisho alilokuambia lilikuwa "usije," na kwamba ukichelewa huko mbinguni wakuache uingie, awekewe yeye hilo deni. Halafu akaniona nyuma ya spika. Akanishika mkono akanileta mbele, akaniwekea kipaza sauti mdomoni, akasema mtoto wa Broadus ana neno.

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi tu: hajafa. Nililisikia limekaa juu ya ulimi. Nyuso zote zile zikanitazama, na mimi nikatazama viatu vyangu. Halikutoka. Na kwa kuwa nilitakiwa kufanya kitu, na mikono haikuwa na pa kwenda, nikalivuta taulo nikapiga. Nilipiga ule mtindo wako wa kuburuta kidogo, uliokuwa ukinipigisha mezani jikoni Mama akilalamika kwamba vikombe vinatembea. Nilipiga nimesimama. Mpiga dramu akanifuata, besi ikanifuata, na barabara yote ikaruka. Niliposimamisha mikono, Bi Earline alikuwa amenikumbatia, shingo yangu imelowa machozi yake, anawaambia watu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye alilijua hilo tangu nikiwa nambebea takataka.

Kabla sijafika nyumbani chakula kilikuwa kimenitangulia. Ngazi yote ilijaa trei: kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini ya aina nne, sukuma iliyopikwa na shingo ya bata mzinga, pai za viazi vitamu. Hata yule mama wa jumba jipya la vioo, aliyekuwa akiita polisi kila ukipiga tumba dirishani, alikuja na maua na bakuli, akaniambia kwamba mtaa umepoteza mapigo yake ya moyo. Nikamwambia asante. Ningemwambia nini?

Mama alirudi saa mbili, akaruka trei hadi mlangoni, akauliza nani kafa. Nikamwambia ni wewe. Nilimweleza yote, kitoroli, taulo, mvua. Alikaa kwenye ngazi na viatu vyake vya kazini akacheka mpaka akashika mbavu. Nikasema kesho tutawaambia. Akaondoa mfuniko wa makaroni, akaonja kwa kidole. Akasema yeye hasemi kitu. Alisema amewaambia watu mwaka mzima kwamba umesafiri na bendi ya Atlanta mpaka ulimi umeota sugu, na kama mtaa umeamua kumpa kazi nyepesi ya ujane ataishika hadi chakula kiishe. "Ana miguu," akasema. "Aje ajikanushe mwenyewe." Kisha akafungua bakuli la mama wa vioo, akaona zabibu ndani ya saladi ya viazi, jambo ambalo kwetu ni tusi, akasema huyu ndiye peke yake aliyekuja kushangilia kifo chako.

Lakini baadaye nilipita jikoni, nikamkuta amesimama anakula pai kutoka kwenye trei, machozi yanamtiririka. Hakugeuka. Aliniuliza kama nadhani wataweza kuchora lile pengo la meno yako bila kulichekesha. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kuchora.

Ndiyo. Unaujua ukuta wa duka la kunyolea la Bwana Tolliver, wenye nyuso za wanamuziki wa mtaa. Na unaijua sheria yake: aliye hai hachorwi, kwa sababu aliye hai anaweza bado kuwaaibisha. Jumatatu Da Marvella mchoraji alipandisha ngazi yake pembeni ya yule mama wa tarumbeta, akaanza kukuchora. Wamekupa nafasi nzuri, jua la asubuhi linakufikia. Kofia ni ile ya kahawia. Pengo lipo, na halichekeshi. Kila nikienda shule napita chini yako. Watu husimama wakasema mambo ambayo sikuwahi kuyasikia wakati ukiwa hapa: kwamba ulimfundisha kijana wa dobi kupiga bila kulipwa, kwamba ulikaa na Bwana Tolliver hospitalini mkewe alipofariki, na kwamba tumba zako zilikuwa zinasema ukweli hata wewe ukidanganya. Wote wanacheka halafu wanajifuta macho. Da Marvella amekamilisha yote isipokuwa macho. Macho huyatia mwisho, siku ya kufungua, saa sita mchana, familia ikishuhudia. Siku yenyewe ni Jumamosi hii inayokuja. Kwa sasa unatutazama na weupe mtupu, kama mtu ambaye hajaamua kuamka.

Bendi itapiga chini ya ukuta. Anko Pink amekuja nyumbani na boksi, amenyoa, amevaa suti. Akasema kiti cha mpigaji hurithiwa na damu yake, na kwamba kuanzia Jumamosi mimi ndiye mpiga tumba. Ndani ya boksi mlikuwa na kigoda kipya, cheusi, kinachopanda na kushuka, bado kinanuka plastiki. Mama alimkaribisha chai. Walikunywa kwa heshima kubwa, hakuna aliyemtania mwenzake, nikaona dunia imeharibika kweli.

Mtu mmoja tu nimemwambia ukweli, na nilimwambia kwa Kispania. Ni Doña Reina anayeuza pupusa, zile chapati nene za mahindi zenye jibini, karibu na shule. Sijui kwa nini, nikisema Kispania ule ukuta wa kifuani unakuwa na mlango. Labda kwa sababu lugha hiyo haijawahi kuniona nikiaibika nyumbani. Nilimwambia baba yangu yu hai, na wiki ijayo watamtia macho ukutani. Aligeuza pupusa yake, akasema kwao mtu aliyezushiwa kifo huongezewa miaka, kwa hiyo nisikuhurumie. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenikalisha kuandika. Aliniuliza, "Na wewe unataka awe hai?"

Nikasema ndiyo, bila shaka. Halafu nikaachwa na basi nikiwa nimesimama palepale.

Baba, nilikuahidi nitakuambia kwa nini nilizipeleka zile tumba. Sikuzipeleka kwa ajili ya bendi, wala kwa ajili yako. Ulipoondoka nilianza kuzipiga, kwanza kwa vidole, Mama akiwa kazini, halafu kwa viganja nikiwa nimeweka blanketi juu yake. Siku ile nilizipeleka nikitumaini kwamba mtu atageuka aseme, wewe mtoto, hebu piga. Basi. Nilitaka kuombwa, kwa sababu kuomba siwezi. Na niliombwa, lakini waliniomba kwa sababu umekufa.

Lingine ndilo zito, na kama ungekuwa mbele yangu lisingetoka. Kipaza sauti kilipokuwa mdomoni, aibu ilikuwapo, ndiyo, lakini aibu naijua, tumekua pamoja. Si yeye aliyenifunga mdomo. Niliposikia jina lako limeitwa pamoja na ya wafu, kitu fulani kilishuka ndani yangu, kikatulia. Nikapumua. Kwa sababu baba aliyekufa hakukataa kuja. Baba aliyekufa hajasahau siku ya kuzaliwa ya mtu. Hakuna anayemwuliza mtoto wa marehemu, baba yako atarudi lini, akajibu hajui. Kwa siku nane sasa nina baba aliyenipenda mpaka mwisho, kila mtu ananithibitishia, na ana uso mkubwa kuliko dirisha letu. Huyu wa Durham anayesinzia kanisani ndiye ninayemwogopa. Akija, itabidi nimsamehe au nisimsamehe. Na kigoda kipya nitakirudisha kwenye boksi.

Kwa hiyo sijui. Nikiamka nataka uje, nikipita ukutani sitaki, nikipiga tumba nataka, nikisikia bendi inaniita jina langu sitaki. Juzi niliota umekuja, nikakuambia umechelewa, nawe ukasema samahani, nikakuamini, na nilipoamka nilikuwa nimekasirika kwamba nilikuamini.

Lakini jambo moja nimeliona. Da Marvella akishatia macho, hafuti. Alinieleza mwenyewe kwamba uso ukishaona, si halali kuufumba. Na mimi nitakuwa nimesimama hapo familia ikishuhudia, nikimshuhudia mtu amezikwa bila kufa, nimekalia kiti ambacho mwenyewe yupo. Tumba zako zinasema ukweli hata wewe ukidanganya, ndivyo wanavyosema. Sitaki ziharibikie kwangu.

Basi hivi ndivyo nitakavyofanya, na sikuulizi ruhusa, nakuarifu. Jumamosi nitakwenda mapema kabla ya bendi. Safari hii nitabeba kigoda kwanza, kile chekundu kilichochanika, mkononi, tumba zitafuata na kitoroli. Sitaleta taulo hata mvua ikinyesha. Nitakiweka nyuma ya tumba chini ya ukuta, mahali ambapo kila mtu atakiona, Anko Pink akiwa wa kwanza. Sitahitaji kusema neno. Watakisoma wenyewe. Sijui kama watacheka au watanizomea, au kama Bi Earline atataka pai yake irudishwe. Da Marvella atakaa na brashi yake hewani. Anko Pink ataniuliza, mbele ya watu wote, Broadus yuko wapi, na hapo nimejifunza neno moja la kujibu, lilelile watu walilokuwa wakiitikia zamani, nalifanyia mazoezi bafuni, kwa lugha zote mbili.

Ukiwapo, kitakuwa chako. Ukikalie, nami nitasimama pembeni nikutazame mikono. Usipokuwapo, nitapiga mimi. Ila nitapiga nimesimama, kama siku ile. Kigoda chako sitakikalia, na kile cha Anko Pink sitakikalia. Nimegundua kwamba naweza kupiga bila kurithi.

Basi lililosalia ni kipupwe cha Carolina usikipe kifua wazi unapogawa mikate alfajiri, na Shangazi Lurlene umsalimie, na kanisani ujitahidi kukesha. Mtaa mzima unakulilia, ila salamu zao sikuletei, kwa sababu hawajui pa kuzituma. Nakuuliza tena kama nilivyoanza, polepole: hujambo?

Mimi binti yako,
Zaniyah (Bi Kimya)

Nyongeza: Kigoda kilikuwa kinayumba mguu mmoja. Leo asubuhi nimekikuta hakiyumbi, na bisibisi iko juu ya jokofu. Mama anasema nisithubutu kukuandikia kwamba ni yeye aliyekikaza, kwa hiyo sijakuandikia.